Mke Anayengoja Viza: Subira Si Kukaa Tu

(Mawaidha kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan, Ogwedhi)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata njia yake mpaka siku ya Kiyama. Ama baad.



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo halisemwi sana msikitini lakini limo majumbani mwetu. Ni jambo la dada aliyeolewa, mahari ikatoka, walima ukaliwa, kisha mume akarudi kazini kwake Marekani naye akabaki huku Ogwedhi akingoja viza. Ndoa ya wiki mbili tatu, halafu miaka ya kungoja. Ramadhan ndiyo inauma zaidi. Yeye anafuturu na wakwe zake, na mumewe huko Minneapolis yuko nyuma yetu kwa saa nane au tisa, bado anahangaika na kazi. Wakati mmoja anataka kuongea, mwingine amelala.

Dada mmoja wa namna hii alinijia akaniambia: "Ustadhi, nimesubiri mpaka nimechoka. Kuna mtu Nairobi anasema nikimpa elfu themanini atanipatia tarehe ya mahojiano haraka. Nimpe?"

Swali lake ndilo lililonisimamisha hapa leo. Nilimwambia asimpe. Lakini kusema "usimpe, subiri" peke yake hakutoshi. Ni lazima tumwambie mtu anasubiri nini, na asubiri vipi.

Subira ya Bibi Hajar

Mkumbukeni mama yetu Hajar. Nabii Ibrahim (A.S.) alimwacha na mtoto mchanga katika bonde lisilo maji wala watu. Alipojua kwamba ni amri ya Allah, akaridhika. Je, aliketi chini akangoja maji yateremke? Hapana. Alipanda Safa, akashuka, akakimbia, akapanda Marwa, mara saba. Kisha Zamzam ikatoka mahali ambapo yeye hakuwa anapatafuta. Kukimbia kwake kumefanywa ibada mpaka leo. Hiyo ndiyo subira yetu: miguu inatembea, moyo umetulia.

Jueni kesi iko wapi

Sasa turudi kwa dada yetu. Nilimuuliza, "Kesi yenu iko wapi?" Akasema, "Iko ubalozini Nairobi, wamenyamaza." Tukaenda saiba na kijana mmoja wetu, tukampigia mumewe, tukafungua. Subhanallah! Kesi haikuwa Nairobi hata kidogo. Ilikuwa bado Marekani, na haikuwa inangoja ubalozi. Ilikuwa inawangoja wao. Kulikuwa na karatasi ya kipato cha mume ambayo haijapelekwa, na mwezi baada ya mwezi kila mmoja alidhani mwenzake ameshughulikia. Angempa yule mtu elfu themanini, angenunua nini?

Kwa hiyo sikilizeni safari yenyewe, maana wengi wetu hatuijui. Mume hupeleka ombi, fomu I-130, kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS. Likikubaliwa, faili huenda kwa kituo kiitwacho NVC, huko New Hampshire. Hapo ndipo mnapewa namba ya kesi. Za Nairobi huanza na herufi NRB. Hapo hulipwa dola 325 za ombi la viza na dola 120 za ukaguzi wa ahadi ya matunzo. Mke anajaza fomu DS-260 mtandaoni. Mume anatia saini I-864, ahadi ya kwamba atamtunza mkewe, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko. Akipungukiwa, anaweza kutafuta mdhamini wa pamoja naye. Kisha zinafuata cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha tabia njema cha polisi, na nyinginezo.

Kituo kikishasema hati zimekamilika, ndipo mnaingia kwenye foleni ya mahojiano. Tarehe hupangwa na kituo hicho kufuatana na nafasi zilizoko ubalozini, na habari huja kwa barua pepe. Haiuzwi mtaani. Anayekuambia ana mtu ndani, basi yuko ndani ya mfuko wako. Kuna njia ya kuomba kuharakishiwa, lakini ni kwa dharura kubwa kama ugonjwa wa kufa na kupona, na huombwa wazi kwa barua yenye ushahidi. Tena msilale: mkinyamaza mwaka mzima bila kuwasiliana na kituo, kesi inaweza kufungwa.

Halafu jueni mume ana hadhi gani kule. Akiwa raia wa Marekani, viza ya mke haina kikomo cha idadi kwa mwaka. Akiwa na kadi ya kijani tu, mke yuko katika kundi lenye idadi maalum, na ni lazima muangalie taarifa ya viza inayotoka kila mwezi. Mke wa mtu huyu asijipime na jirani yake. Safari ni mbili tofauti.

Na kuna kungoja ambako si kosa la mtu. Mwaka 2017 ilitolewa amri iliyofungia watu wa nchi kadhaa, Somalia ikiwemo, nayo ikafutwa Januari 2021. Machi 2020 balozi za Marekani duniani kote zilisimamisha viza za kawaida kwa sababu ya Korona, foleni zikarefuka. Mwaka 2025 amri nyingine ya nchi ikatoka, na Somalia imo tena. Tuna ndugu Wasomali hapa Migori ambao wanajua maana ya mambo haya kuliko mimi. Mtu wa namna hiyo hahitaji lawama, anahitaji dua na bega.

Majina na nikaha

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wa huku tunakwama.

Dada zetu wengi wamesilimu. Kitambulisho kinasema Achieng, cheti cha ndoa kinasema Aisha. Kwetu ni mtu mmoja, kwa afisa wa viza ni watu wawili. Usingoje uulizwe dirishani. Tafuta wakili mapema, ufanye hati ya kubadilisha jina au kiapo, kila karatasi ifuatane na nyingine. Na nikaha isajiliwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu, lakini nikaha iliyobaki kwenye kumbukumbu ya wazee waliokula pilau haina cheti cha kuonyesha. Nendeni kwa Kadhi.

Jambo la pili ni nikaha ya simu. Mume yuko kule, wakili wake yuko hapa, watu wanasema amina. Katika dini yetu nikaha kwa uwakilishi ni sahihi. Mama wa Waumini, Ummu Habiba (R.A.), alikuwa Habasha, bara letu hili la Afrika, mume wake wa kwanza amekufa ugenini. Mtume (S.A.W.) akiwa Madina akatuma ujumbe kwa Najashi, nikaha ikafungwa hukohuko Habasha, na mahari akatoa Najashi. Ummu Habiba akafika Madina mwaka wa 7 Hijria. Angalieni basi, mke kungoja ng'ambo ya bahari si aibu wala si jambo jipya. Mbora wa viumbe mke wake alingoja.

Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja wakati wa kuifunga haihesabiwi mpaka wakutane kimwili kama mume na mke baada ya nikaha. Kwa hiyo, ewe kijana uliyeoa kwa simu, panda ndege uje kwa mkeo kabla ya kupeleka ombi. Hifadhi tiketi, mihuri ya pasipoti na picha. Ukiipeleka kabla, umepoteza ada na umempotezea mkeo wakati.

Ukweli dirishani

Tatu, msidanganye. Afisa atauliza mlikutana wapi, nani alikuwepo, mume anafanya kazi gani, amewahi kuoa kabla. Mtu anakushauri, "Sema hivi, ficha lile." Saumu yako hiyo! Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyeacha maneno ya uongo, Allah hana haja na kuacha kwake chakula. Na hata kwa dunia tu, anayekutwa amedanganya jambo kubwa ili apate viza anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote.

Hapa nitasema neno gumu kwa wanaume. Dini imeruhusu wake mpaka wanne kwa uadilifu. Sheria ya Marekani inatambua mke mmoja tu, tena aliyeolewa kwanza kihalali. Usimwoe binti wa watu kuwa wa pili ukamwahidi viza ambayo sheria ya kule haimpi. Na usimtaliki wa kwanza "kwa karatasi tu" ukidhani utamrudia kimyakimya. Talaka haina mzaha katika dini yetu. Ukiitamka, imepita.

Haki ya anayengoja

Nne, mume aliye mbali bado ni mume. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) akizunguka Madina usiku alimsikia mwanamke analalamika upweke, mumewe yuko vitani. Akamuuliza binti yake Hafsa (R.A.) mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mume. Kwa jibu lake akawawekea askari kikomo cha kukaa mbali: miezi minne, na katika riwaya nyingine sita. Khalifa mzima alipanga jeshi lake kwa ajili ya haki ya mke! Wewe unayesema "kazi nyingi" umekuja lini mara ya mwisho? Tuma matumizi. Piga simu, si ya kuuliza fomu tu, uliza amelalaje. Na kama umeona huwezi, mwambie ukweli. Usimweke mtoto wa watu katikati, si mke si mjane.

Nasi jamaa tuna sehemu yetu. Mama mkwe, huyo ni bintiyo, si mtumishi aliyeachwa na mwanao. Majirani, acheni lile swali la kila siku, "Bado tu uko hapa?" Mnadhani mnatania, yeye analia usiku. Nawe dada, usiweke maisha yako kabatini ukingoja muhuri. Soma Qur'ani, jifunze ushonaji, Kiingereza au kompyuta. Viza ikija utakwenda na kitu. Isipokuja, hutakuwa umepoteza miaka.

Tarehe ikiangukia Ramadhan

Barua ikifika, isomeni yote. Kwanza kuna uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, na hufanywa kabla ya siku ya mahojiano. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamesema sindano isiyo ya lishe haifunguzi, lakini kama una wasiwasi muulize shekhe wako. Ukipanda basi la usiku Migori kupitia Kisii na Narok, wewe ni msafiri. Allah katika Suratul Baqara amempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Usizimie kwenye foleni Gigiri kwa kukataa ruhusa ya Mola wako. Ukaguzi mlangoni usikukasirishe. Ubalozi wa zamani mjini ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi, wengi wao wapita njia na wafanyakazi Wakenya kama wewe.

Ukipewa karatasi ya 221(g), usipige mayowe. Maana yake mara nyingi ni hati imepungua au uchunguzi unaendelea. Soma wanataka nini, upeleke ndani ya mwaka mmoja.

Ndugu zangu, mtauliza yule dada yuko wapi. Yupo, bado anangoja. Hakutoa ile elfu themanini. Mume alipeleka karatasi iliyokosekana, kituo kikasema hati zimekamilika, na sasa wako kwenye foleni ya kweli. Juzi aliniambia, "Ustadhi, kungoja ni kulekule, lakini sasa nalala." Nikamwambia hiyo ndiyo subira.

Tumwombe Allah (S.W.) katika mwezi huu awakutanishe wanandoa waliotengana kwa kheri, awafungulie njia ya halali, awahifadhi na uongo na wakora, na asiyejaaliwa safari ampe badala iliyo bora. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.