Upepo wa Kutosha, Si wa Kupasua

Msikilizaji, barabara ya mawe na makorongo haitaki tairi la baiskeli lililojazwa upepo hadi linalia kama ngoma. Tairi gumu halimezi kokoto. Hulirukia, na mgongo wako ndio unaolipa. Punguza upepo mpaka ukilibonyeza kwa kidole gumba linaitikia kidogo. La nyuma liwe gumu kuliko la mbele, maana ndilo linalobeba mwili. Ukifunga gunia la mkaa kwenye keria, ongeza tena.

Ila usizidishe kupunguza. Ukigonga jiwe, rimu hubana tyubu na kuacha matundu mawili yaliyokaa pamoja. Fundi akikuonyesha hayo, usisingizie miiba!

Na ile namba ya PSI, yaani kipimo cha upepo, ubavuni mwa tairi? Mara nyingi ni kikomo cha juu, si agizo.