Kidonge na Unyevu wa Rungwe

Msikilizaji, kidonge si unga wa dawa uliobanwa tu. Kiwandani, dawa huchanganywa na wanga, mchanganyiko huloweshwa kidogo hadi uwe chembechembe, kisha hukaushwa kwa kipimo. Chembe zikikauka kupita kiasi, kidonge humeguka. Zikibaki na maji, hung'ang'ania kwenye chuma cha mashine inayozikandamiza ziwe kidonge.

Ule wanga una kazi yake: ukipata maji tumboni huvimba na kukipasua kidonge, dawa itoke. Sasa Tukuyu yetu, hapa Rungwe, mvua karibu mwaka mzima! Kopo likiachwa wazi, unyevu wa hewa huanza kazi hiyo kabla ya mgonjwa kumeza. Aspirini iliyoingiwa na unyevu hunusika kabisa: inatoa harufu ya siki. Hiyo usimeze.

TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hukagua viwanda na maduka ya dawa, lakini haifiki kwenye kabati la jikoni kule Kiwira au Katumba. Kwa wilaya hii, naona vidonge vitolewe ndani ya pakiti zake za kiwandani, visimwagwe kwenye bahasha ya karatasi. Na kile kifuko cha kunyonya unyevu kilichomo koponi, tafadhali, kiacheni humo humo.