Tegesha yamnasa mwenye nyumba



Nimeombwa niseme juu ya nyumba na afya. Najua mnangoja nianze na hospitali na uhaba wa dawa. Mimi naanza na neno ambalo kule Nyamongo, wilayani Tarime, hata mtoto mdogo analijua: tegesha.

Tegesha ni nyumba inayojengwa ili ibomolewe. Mtu akisikia mgodi wa North Mara utahitaji eneo lake, anasimamisha fito, anakandika tope, anapigilia mabati machache, kisha anamngoja mthamini kama mwindaji aliyetega njiani. Choo hakuna, sakafu hakuna, dirisha ni tundu. Aweke dirisha la nini? Anayetarajiwa humo ni fidia, si binadamu.

Wakubwa wakisikia habari hii hucheka na kusema watu wa Nyamongo ni matapeli. Taratibu, waheshimiwa! Mgodi ule ulianza uzalishaji mwaka 2002. Kabla yake watu walikuwapo, wakilima, wakifuga na kuchimba dhahabu kwa sururu. Wameshuhudia jirani akihamishwa kwa fidia anayolalamika kuwa ni kiduchu, na mwingine akingoja mpaka akachoka. Mtu aliyezoea kupunjwa hujifunza kupunja. Simtetei. Naeleza ugonjwa ulikoanzia.

Lakini wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Tegesha zikijaa, uthamini unageuka ugomvi: ipi nyumba ya kweli, ipi ya mtego? Wakati wakubwa wanabishana, yuko mama mwenye nyumba halali, aliyozalia na kulelea watoto. Mthamini akishapita, anaambiwa asiendeleze chochote. Bati limetoboka, haezeki. Ukuta umepasuka, hazibi. Choo kimejaa, hachimbi kingine, maana kesho huenda akahama. Kesho hiyo inakuwa mwaka, mwaka unakuwa miaka.

Vijana, ugonjwa haungoji fidia. Mbu wa malaria huingia usiku, na mlango wake mkubwa ni ule mwanya kati ya ukuta na paa. Ukiuziba, ukaweka wavu dirishani, umempunguza mbu kabla hujafungua chandarua. Nyumba isiyoruhusiwa kukarabatiwa humkaribisha mbu kama mgeni rasmi, na anayeumia kwanza ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Watu wanane wakilala chumba kimoja kisicho na hewa, mmoja akiwa na kifua kikuu, wote wako hatarini. Choo kikifurika, kuhara kunagonga hodi. Tena kuna usingizi: baba asiyejua atalala wapi mwezi ujao halali vizuri hata kwenye godoro.

Mtasema hayo ni ya Nyamongo. Hapana. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe. Kampuni ilisema wezi walikuwa wameiba plastiki iliyotandikwa bwawani. Tigithe unamwaga maji yake mto Mara, na ng'ambo ya mto Mara ni wilaya ya Serengeti. Kwa hiyo aliye ng'ambo, asiyewahi kuona hata punje ya dhahabu, naye yumo mtegoni. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa maji ya bwawa la mabaki. Vizuri. Lakini faini huingia serikalini, haiingii kwenye ndoo ya mama anayeteka mtoni.

Nasi wachimbaji wadogo tusijitie utakatifu. Wapo wanaochoma zebaki ndani ya nyumba, kwenye jiko lile lile la ugali. Mvuke wake hauonekani, lakini huharibu ubongo na figo, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Kule Minamata, Japani, watu walianza kutambuliwa mwaka 1956 kuwa wanaugua, na baadaye ikabainika kuwa chanzo ni zebaki iliyomwagwa na kiwanda baharini, wakaila ndani ya samaki. Wao walitiliwa sumu na kiwanda. Wewe unaiwasha mwenyewe, mkeo akiwa kando!

Sasa tufanyeje? Kwanza, sheria tuijue. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa, inadaiwa na riba. Uthamini wenyewe ukipita miaka miwili umekufa, lazima urudiwe. Kwa hiyo mama yako asibaki na alama ya rangi ukutani peke yake. Adai nakala ya fomu yenye tarehe. Wewe uliyesoma hadi kidato cha nne, kazi yako ni kuhesabu miezi hiyo na kumwandikia barua.

Pili, wewe uliye Tarime mjini, Mugumu au Mwanza, unayetuma mabati kijijini yakapigwe tegesha, jiulize: mabati hayo yangeziba paa la nani? Wavu wa madirisha mawili haukufilisi. Shimo la choo linataka jembe na mikono, na mikono unayo.

Tatu, tuwaulize wakubwa bila kuogopa, kwenye mkutano wa kijiji na kwenye baraza la madiwani: nani alisema nyumba inayongoja fidia iachwe ioze na watu ndani yake? Kama mgodi unataka ardhi, ulipe, watu wahame. Kama hauitaki, ufute alama zake, mwananchi azibe paa lake alale.