NAMBARI YA KODI: KWA NINI KILA BIASHARA SHARTI IWE NAYO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya nambari ya kodi, ile iitwayo PIN. Najua wengine wenu mnauliza: Chama cha wafanyakazi kina kazi gani na mambo ya wafanya biashara? Jibu ni rahisi. Wengi wetu tuna kibanda, bodaboda, cherehani au shamba la kuku kando ya mshahara. Wengine wamo katika vikundi vya kuweka akiba. Na sisi sote tunafanya kazi kwa tajiri ambaye naye ana nambari yake. Kwa hivyo jambo hili ni letu.

Kwanza, nambari hii ni nini? Hutolewa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ya mtu binafsi huanza na herufi A. Ya kampuni au kikundi huanza na herufi P. Kisha tarakimu tisa, na herufi moja mwishoni. Kuipata ni bure. Mwenye kukuuzia nambari anakuibia. Ukimpa kijana wa saiba kitu, iwe ni malipo ya kazi ya mikono yake tu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wanapokosea. Mtu mwenye duka lake peke yake hahitaji nambari ya pili. Duka hutumia nambari ya mwenyewe. Lakini kampuni ni mtu mbali mbele ya sheria, nayo sharti iwe na nambari yake. Hali kadhalika kikundi kilichoandikishwa. Mweka hazina asikubali fedha za kikundi zipite katika nambari yake mwenyewe, kwa kuwa siku ya hesabu ataulizwa yeye, si kikundi.

Faida yake ni nini? Sheria ya Utaratibu wa Kodi ya mwaka 2015 imetaja mambo ambayo hayafanyiki bila nambari: kuandikisha jina la biashara au kampuni, kupata laisensi, kufungua akaunti benki, kuandikisha gari au shamba, kutoa mizigo forodhani, kuweka amana ya umeme, kupata nambari ya till ya kulipwa kwa simu, na kuiuzia serikali kitu chochote. Ndugu zangu, sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 imewatengea vijana, akina mama na walemavu asilimia 30 ya kazi za serikali. Kikundi kisicho na nambari hakiwezi hata kugusa mlango huo. Wengine watakula, ninyi mtatazama.

Tena tangu Januari 2024, mfanya biashara ambaye hana risiti ya eTIMS kutoka kwa aliyemwuzia huenda akakataliwa gharama hiyo wakati wa kuhesabiwa kodi. Ndiyo maana wanunuzi wakubwa humwuliza fundi, "Nambari yako iko wapi?" Akikosa, wanamwendea mwingine. Si kwamba kazi yake ni mbaya.

Najua hofu iliyomo mioyoni. Babu zetu walitiwa kipande shingoni, wakalipishwa kodi ya kibanda, na tangu hapo Mwafrika akisikia habari ya nambari na kodi hushtuka. Hofu hiyo ina sababu yake. Lakini tofauti ni hii: kipande kilimfunga mfanyakazi peke yake, na tajiri akakaa huru. PIN inamfunga tajiri pia. Kila mwezi anapokata kodi ya mshahara wako, yampasa kuipeleka KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na kuonyesha nambari yako. Mwaka ukiisha, mdai hati ya P9, kisha ulinganishe na hesabu iliyomo katika iTax. Tajiri aliyekata na asipeleke atajulikana hapo, nawe utaleta malalamiko Chamani ukiwa na karatasi mkononi, si maneno matupu.

Kuwa na nambari si kulipa kodi. Kodi hufuata mapato. Lakini kuwa na nambari kuna kazi yake. Kila mwaka kabla ya Juni 30 mtu binafsi sharti apeleke ritani, hata kama hakupata senti. Na aseme hivyo hivyo kwamba hakupata. Mwenye mshahara asiandike kwamba hakupata kitu, maana huo ni uwongo, na tajiri amekwisha kumtaja. Kampuni ikichelewa, faini si chini ya Sh. 20,000/-. Wakati wa kujiandikisha pia, msitie alama mahali pa VAT bila kufahamu. Aliyetia alama hiyo hutakiwa kupeleka hesabu kila mwezi, kabla ya tarehe 20, hata kama hakuuza kitu.

Na jambo la mwisho: usimwazime mtu nambari yako, hata awe shemeji. Akiagiza mzigo kwa jina lako, deni ni lako.

Basi, ndugu wanachama, yafaa kila tawi lichague mtu mmoja anayejua iTax awasaidie wenzake, hasa wazee, kabla ya Juni. Tusingoje wiki ya mwisho na kupanga foleni. Tunaidai serikali barabara, dawa na shule. Tutadai kwa sauti kubwa zaidi hesabu zetu zikiwa safi.

Umoja ni nguvu.