Pahali pa Kuweka Vyombo

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, alinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote, mradi lisiwe siasa na lisizidi nusu saa. Wenzangu walionitangulia miaka iliyopita wamezungumza juu ya uongozi, sayansi na malezi. Mimi ni mtumishi wa Serikali wa kawaida, na jambo ninalolijua vizuri, kwa kuwa lilinigharimu, ni dogo zaidi. Nataka kuzungumza juu ya kutafuta pahali pa kuweka vyombo vya nyumbani au vya kazi wakati huna nyumba ya kuviweka, na namna ya kupalipia. Naona baadhi yenu mnacheka. Mimi pia ningecheka kabla ya mwaka 2017.

Nianze na stoo ya shule yetu hii. Sisi tuliotoka mbali hatukuweza kubeba matranka yetu kwenda nyumbani kila likizo, hivyo tuliyaacha katika kile chumba kilicho nyuma ya bwalo. Mtunza stoo wa wakati wetu alikuwa mzee mkali. Hakupokea tranka hata moja mpaka mwenyewe asimame mbele yake, ataje jina, bweni na vitu vilivyomo, naye aandike yote katika daftari, kisha mwanafunzi atie sahihi. Matranka aliyapanga juu ya mbao, si sakafuni, na aliacha nafasi kati yake na ukuta kiasi cha mtu kupita ubavu. Sisi tulimwona msumbufu, maana tulikuwa na basi la kuwahi. Tulipolalamika alitujibu kwa methali moja tu, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na usiku bwenini tulimwigiza sauti tukacheka hadi kiranja akatufokea.

Sasa niingie katika habari yangu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini ilikuwa mwaka 2016 ndipo wizara zilipoanza kuhama kwa kasi. Zamu yangu ilifika Februari 2017. Dar es Salaam tulikuwa tumepanga nyumba nzima. Dodoma, kwa kuwa watumishi wengi tulifika kwa wakati mmoja, nilibahatika kupata vyumba viwili vidogo. Vyombo vyetu visingeenea. Kulikuwa na makochi, makabati mawili, vitanda viwili vya ziada, friji, meza ya kulia na viti vyake, pamoja na vyerehani vinne vya mke wangu, aliyekuwa akishona sare za shule na kuwapa kazi wasichana wawili.

Nikasema vitu hivyo tutaviacha Dar es Salaam kwa muda. Naomba mlishike hilo neno, "kwa muda", kwa sababu sikuulizwa na mtu, wala mimi sikujiuliza, ni muda gani.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kwa shemeji yangu Mbagala, aliyekuwa na chumba kitupu na asiyetaka hata senti moja. Ya pili ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fremu za maduka huko Temeke, kwa Sh. 70,000 kwa mwezi. Ya tatu ilikuwa sehemu ya godauni upande wa Chang'ombe, ambako mtu alilipa kwa mita za mraba anazozitumia, na penye mlinzi na karani wa kupokea mizigo.

Kwa shemeji nilikataa, na mpaka leo naona nilifanya sawa. Pahali pa bure hulipiwa kwa njia nyingine. Huwezi kumwuliza mtu anayekufadhili kwa nini watoto wanarukaruka juu ya kochi lako, na siku atakapompata mpangaji wa chumba kile huwezi kumwomba asubiri. Afadhali udaiwe kodi kuliko kudaiwa undugu.

Godauni nililikataa kwa sababu bei yake ilinitisha, na hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nililinganisha bei kwa bei bila ya kupima mzigo wangu. Nilikuja kuupima baadaye, vitanda vikiwa vimefunguliwa na viti vimepinduliwa juu ya meza, nikakuta ulikaa katika eneo la mita tatu kwa mita tatu, kwa kimo cha mita mbili. Hizo ni mita za mraba tisa. Anayelipia mita za mraba halipii kimo. Kadiri anavyopanga kwenda juu ndivyo anavyopunguza gharama. Chumba cha Temeke kilikuwa na mita kumi na sita. Maana yake mita saba nililipia hewa, na sikuwa na mlinzi wala karani.

Wapo pia wanaokodi kontena zima la futi 20. Kontena la namna hiyo lina nafasi ya mita za ujazo zipatazo 33 ndani yake, na mzigo wa nyumba kama yangu haufiki hata 20. Isitoshe, kontena hutoa jasho. Mchana bati hupata moto, usiku hupoa, na unyevu uliomo hewani hugeuka matone darini yakadondokea magodoro. Kwa hewa ya pwani hilo ni jambo la kufikiria sana. Huku Dodoma hewa ni kavu, lakini kuna mchwa. Wakianza na sanduku la karatasi lililo sakafuni, watapanda.

Basi nikachukua chumba cha Temeke. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nilimlipa Sh. 840,000, naye akaniandikia kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto: "Nimepokea kodi ya chumba." Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikaondoka na ufunguo, nikajiona mtu aliyemaliza kazi.

Ndugu zangu, maneno matatu yale, "kodi ya chumba", ndiyo yaliyonishinda baadaye. Wanasheria mliomo humu mtanisahihisha, lakini nilivyoelewa mimi ni hivi. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtu anayepokea mali ya mwenziwe ili amtunzie anapaswa kuitunza kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe. Lakini aliyekupangisha chumba akakupa ufunguo anaweza kusema hakupokea mali yoyote. Alikupa nafasi, na ulichoweka humo ni juu yako. Kabla ya kutoa fedha, basi, lazima ujue unanunua kitu gani, nafasi au utunzaji, na karatasi iseme hivyo hivyo.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha, mwezi Januari 2018, nilikuwa bado naishi katika vyumba vile viwili, nikisubiri kiwanja. Kodi ilipanda ikawa Sh. 80,000. Nikatuma Sh. 960,000 kwa simu, bila ya kwenda kuangalia chumba. Ilikuwa Agosti, nilipopata likizo, ndipo nilipofungua ule mlango. Bati lilikuwa limevuja wakati wa masika. Makochi yalikuwa yameota ukungu, na meza imetengana miguu. Upande mmoja wa chumba palikuwa na mifuko ya saruji isiyokuwa yangu. Mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wa pili, na kwa kuwa aliona nafasi imebaki, alikuwa amempa mtu mwingine. Vyerehani vitatu vilikuwa na kutu. Cha nne kilikuwa na meza yake tu, kichwa hakikuwepo.

Mwenye nyumba aliniambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, mimi nilikupangisha chumba, sikukulindia vitu." Tulikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Alinisikiliza kwa subira, kisha akaniuliza swali moja: vitu ulivyoweka viliandikwa wapi? Sikuwa na jibu. Nilikuwa mtu mwenye shahada ya Chuo Kikuu, ambaye kazi yake ya kila siku ni mafaili, na sikuwa na hata ukurasa mmoja wa kuonyesha kwamba kichwa kile cha cherehani kiliwahi kuingia chumbani mle. Nilimkumbuka yule mzee wa stoo, na safari hii sikucheka.

Mtauliza kwa nini sikuondoa vitu siku ile ile. Nilikuwa nimekwisha kulipa hadi Januari, na mtu aliyelipa huona uchungu kuacha. Nikanunua kufuli jipya, nikaweka vitu juu ya chaga, saruji ikaondolewa, nikarudi kazini. Januari ikafika sina nauli ya lori. Nikalipa miezi mitatu zaidi, Sh. 240,000. Jumla, kwa miezi ishirini na saba, nilitoa Sh. 2,040,000. Aprili 2019 nilimwita mfanyabiashara wa vyombo vilivyotumika, naye akanunua vyote isipokuwa vyerehani kwa Sh. 650,000, na nadhani alinionea huruma. Na lori? Mwaka 2017 nilikuwa nimeambiwa Sh. 700,000 kwa Fuso zima hadi Dodoma, nikaona ni ghali. Sikujua wakati ule kwamba yako malori yanayoleta mazao Dar es Salaam na kurudi bara bila mzigo, na kwamba dereva wa lori la namna hiyo hupunguza bei sana ukimngojea siku mbili tatu.

Lakini hasara ya fedha naweza kuieleza kicheko kicheko. Ile nyingine siwezi. Kwa miezi ishirini na saba mke wangu alikaa Dodoma bila ya kazi yake, katika mji uliokuwa ukijaa watoto wa shule wanaohitaji sare. Wale wasichana wawili walitafuta kazi nyingine. Hakuninung'unikia. Siku nilipomletea habari za kile kichwa kilichopotea aliniambia, "Baba watoto, makochi ungeyaacha. Vyerehani ungevibeba. Kochi halijamlisha mtu."

Nimelifikiri neno hilo miaka yote hii. Mimi nilikuwa nimegawa vitu kwa ukubwa: vinavyoenea chumbani na visivyoenea. Yeye angevigawa kwa kazi yake. Kitu kinachoingiza fedha kila wiki hakiwekwi stoo hata kama stoo ni nzuri na ya bure, maana gharama yake si kodi peke yake bali ni kodi pamoja na kile ambacho kingeingiza. Ningeweza kuuza makochi yale yangali mapya, kodi ya mwaka mmoja ikanipatia chumba cha tatu Dodoma, na vyerehani vikafanya kazi tangu mwezi wa kwanza.

Kwa wale ambao hawana budi kuweka vitu, nina machache ya kusema juu ya uwekaji wenyewe. Friji ikaushwe na mlango wake uachwe wazi kidogo, la sivyo utaifungua uikimbie. Betri zitolewe redioni. Vyuma vya mashine vipakwe mafuta. Mtu asifunike mbao kwa nailoni inayobana, kwa sababu hufungia unyevu ndani. Shuka kuukuu ni bora. Mafuta ya taa, petroli na mitungi ya gesi isiingie kabisa. Vyeti na hati za kiwanja usiviache nyuma. Chumba kikaguliwe baada ya mvua, si wakati wa kiangazi ambapo kila bati ni zima, na uulize mbele ya shahidi ni nani mwingine mwenye ufunguo. Kodi, kama mwenye nyumba atakubali, lipa kwa miezi mitatu mitatu hata kama bei itazidi kidogo. Kila utakapotakiwa kulipa tena utalazimika kujiuliza kama bado kuna haja. Halafu orodha, nakala mbili, zimetiwa sahihi na pande zote mbili. Nchi yetu ina Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu mwaka 2005, na mkulima wa korosho anapopeleka magunia ghalani hupewa karatasi inayoonyesha kiasi na daraja la mazao yake. Mimi niliacha nyumba nzima kwa karatasi iliyochanwa.

Nanyi vijana, nimesikia kwamba siku hizi matranka hayaandikwi tena wakati wa likizo, kila mtu anasukuma lake ndani na kukimbilia basi. Nimezungumza na Ndugu Mkuu wa Shule asubuhi ya leo, na tumeleta daftari kubwa la kurasa mia mbili pamoja na mbao za kutengenezea chaga. Ziko nje, kwenye gari la Katibu. Baada ya chakula nitahitaji vijana sita wa kuzishusha.

Vyerehani vitatu vilitengenezwa na sasa vinafanya kazi Dodoma. Cha nne tumekihifadhi meza yake, tunatumia kukatia vitambaa.