Kukopa Harusi, Kulipa Matanga



Askari anayeshika zamu ya usiku kando ya mto Rusizi, kusini ya Ziwa Kivu, pengine hafikiri kwamba analinda pia mkopo. Mtambo wa umeme wa Ruzizi II, ulioanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya Rwanda, Burundi na Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, ulijengwa kwa fedha za kukopa kutoka Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine.

Enzi hizo mkopo wa IDA, tawi la Benki ya Dunia linalozihudumia nchi maskini, ulilipwa kwa miaka 50. Miaka 10 ya mwanzo mkopaji hakurudisha chochote cha deni lenyewe, na ada yake haikufika asilimia 1 kwa mwaka.

Baadaye ikafunguka njia nyingine. Aprili 2013 Rwanda iliuza hatifungani zake za kwanza katika soko la kimataifa, ikapata dola milioni 400 za kulipwa baada ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 6.625. Riba peke yake ilikuwa dola milioni 26.5 kila mwaka. Agosti 2021, riba ikiwa chini duniani, ilikopa dola milioni 620 kwa asilimia 5.5, na sehemu ya fedha hizo ikalipa mapema sehemu kubwa ya deni la 2013. Ilikuwa busara ya mtu anayeanua nguo kabla ya mvua. Na mvua ilinyesha: mwaka 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kwa kasi, na Februari 2024 Kenya ilikopa kwa asilimia 9.75.

Ni dhahiri kwamba bei hiyo haipangwi Kigali wala Nairobi. Isitoshe, deni ni la dola, ilhali kodi hukusanywa kwa faranga. Mwaka 2013 dola moja haikufika faranga 700. Mwaka 2024 ilipita 1,300. Dola ni ileile. Jasho la kuilipa limekuwa maradufu.

Hii haina maana kwamba kukopa ni kosa. Askari wa Rwanda wana chombo chao cha akiba na mikopo, Zigama, tangu mwaka 1997. Anayekopa kujenga nyumba hubaki na nyumba. Anayekopa kwa sherehe huendelea kukatwa mshahara wakati wageni wamekwisha sahau pilau. Taifa nalo ni vivyo hivyo. Umeme huuzwa, na mradi ukilipiwa na wanaoutumia, deni lake hupata njia ya kujilipa.

Nchi hizo tatu zimepanga pia Ruzizi III, wa megawati 206. Mwenye fedha huogopa mlio wa risasi, na hofu yake huitoza kwa riba. Kwa hiyo utulivu wa mpaka huo ni sehemu ya dhamana. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo huepukwa na taifa linalokopa kwa ajili ya kuzalisha, na kulinda kile lilichokijenga.