Masomo ya Nje ya Darasa: Yale Tuliyoyaona Wandegeya

(Maneno ya mwalimu wa darasa la sita, aliyoyasema mbele ya wakaaji na wageni katika Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Nimeombwa niseme habari ya watoto kusoma nje ya darasa. Najua baadhi yenu hamkupendezwa mlipowaona watoto wa darasa la sita, saa ya masomo, wakihesabu magunia kwenye mashine ya kusaga. Mzee mmoja aliniambia njiani, "Mwalimu, sisi tulileta watoto kusoma, hatukuwaleta kutembea." Sikumjibu siku ile. Namjibu leo mbele ya wote, maana swali lake ni la haki.

Jambo hili sikulitoa kitabuni. Kule Bukavu, katika chuo cha ualimu, tulifundishwa kusimama mbele ya ubao na kuandika vizuri, basi. Nililipata Wandegeya, na nililipata kwa shida.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2019 nilitoka hapa Nakivale kumpeleka mama yangu kutibiwa Mulago, Kampala. Tulipanga chumba karibu na Wandegeya, bondeni Katanga, kati ya kilima cha Makerere na kilima cha Mulago. (Jina hilo lilituchekesha sisi watu wa Kongo: tumeikimbia nchi, tumeikuta bondeni.) Tarehe 20 Machi 2020 shule zote zikafungwa kwa sababu ya korona. Baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, lakini watoto wengi walikaa nyumbani hadi tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu miezi 22. Uganda ilitajwa kuwa nchi iliyofunga shule muda mrefu kuliko zote duniani.

Serikali ilitoa masomo kwa redio na karatasi za kujisomea. Lakini kwenye nyumba yetu ya wapangaji redio ilikuwa moja, na mwenyewe alipenda mpira. Akina mama wakaja kwangu: "Wewe si mwalimu? Tusaidie." Nikaanza na watoto 14, makundi mawili ya saba saba, kwenye baraza. Ubao sina, chaki sina, vitabu viwili. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimemaliza yote niliyoweza kusema kwa mdomo, na watoto wakaanza kusinzia. Ndipo tukatoka nje. Siwezi kujisifu kwamba nilikuwa na mpango.

Wandegeya ndipo wengi wanaposema rolex ilipoanzia, ile chapati inayokunjwa pamoja na mayai, chakula cha wanafunzi wa Makerere. Tulisimama kwa kijana mmoja wa Busoga anayeitengeneza, tukamwomba atufundishe hesabu yake. Alicheka, halafu akakubali. Trei ya mayai 30 aliinunua shilingi 10,500. Basi yai moja ni 350, na mawili ni 700. Chapati yenyewe ilimgharimu 500, kabichi, nyanya, mafuta na makaa 300. Jumla 1,500, naye anauza 2,000. Faida 500. Nikawauliza watoto: chumba chake analipa 150,000 kwa mwezi, auze ngapi? Wakapiga hesabu chini kwa vijiti: 300 kwa mwezi, yaani kumi kila siku, kabla hajala yeye mwenyewe. Nikasema vizuri, tumemaliza. Msichana mmoja wa miaka kumi, ambaye mama yake anauza ndizi, akainua mkono: "Mwalimu, na siku za mvua?"

Hilo swali mimi sikulifikiri. Tulikaa juma zima juu ya siku za mvua. Tukaweka alama kila siku ya mvua, tukagawanya upya, tukajifunza wastani bila mimi kulitamka hilo neno hadi mwisho. Watoto wale wale walikuwa wakilia kwa hesabu za kugawanya.

Siku nyingine tulihesabu korongo wale wakubwa wenye upara, wanaoitwa kaloli kwa Kiganda, waliojaa juu ya miti ya mji. Tuliuliza kwa nini wako mjini na si porini, na jibu lilikuwa kwenye jalala: wanakula mabaki na mizoga. Tulijifunza pia kwamba ndege huyo hujinyea miguuni ili apoze mwili wakati wa joto. Mtoto hasahau somo kama hilo, wazazi mtanisamehe.

Makumbusho ya Uganda tuliyaona baadaye, mwaka 2022, wakati watoto wamerudi shuleni na sisi tunakutana Jumamosi tu. Ni mwendo wa miguu kutoka Wandegeya. Yalianzishwa mwaka 1908, yakahamia jengo la sasa mwaka 1954. Huko watoto walisikia habari za likembe, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, kwamba ilifika Uganda kutoka Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, mikononi mwa wapagazi na vibarua. Kijana mmoja akasema, "Kumbe ilitangulia." Hakusema zaidi, nami sikumwongezea.

Sasa niseme lile ambalo baadhi yenu mmelisikia nusu nusu. Mwezi wa tatu wa kikundi chetu, tukivuka barabara ya Bombo pale kwenye taa, boda boda iliyopakia mizigo haikusimama kwenye taa nyekundu. Ilimgonga mvulana wa miaka tisa, akavunjika mkono. Nilikuwa na watoto saba, na mtu mzima nilikuwa mimi peke yangu. Dereva alikosa, ndiyo, lakini mimi nilijua barabara ile ilivyo na nikawavusha hivyo hivyo. Baba yake aliniambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Yalikuwa ya kweli. Kwa miezi miwili hatukutoka barazani. Wazazi wanne waliwaondoa watoto wao, wawili hawakuwarudisha kamwe.

Aliyeturudisha barabarani ni yule baba mwenyewe. Mtoto alimsumbua nyumbani, akitaka kujua korongo wameangua wangapi. Siku moja akaja, fundi seremala, futi mfukoni, akasema: "Mtakwenda, lakini mimi nitakaa nyuma." Tangu siku ile hatukutoka bila watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Naye aliwafundisha watoto kupima kwa futi kuliko nilivyoweza mimi.

Wengine mnasema mtihani wa darasa la saba hauulizi habari za korongo. Unauliza hesabu, Kiingereza, sayansi na maarifa ya jamii, na korongo ni sayansi. Lakini sitawadanganya. Watoto wanne wa kikundi chetu walifanya mtihani huo mwaka 2022. Watatu walipita vizuri, mmoja hakupita vizuri, na hakukosa safari hata moja. Kiingereza chake kilikuwa dhaifu, na kutembea hakukumsaidia Kiingereza. Madaftari tunayahitaji bado.

Na wanaosema kazi ya mikono si elimu, wakumbuke Makerere yenyewe. Ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Idadi ile ile ya watoto wa baraza letu, ingawa sisi hatukupata chuo kikuu. Mwalimu Nyerere alisomea ualimu hapo kati ya 1943 na 1945, na mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba na karakana.

Ninaloomba ni hili. Ijumaa mchana, mara mbili kwa mwezi, darasa la sita litoke: kwenye mashine ya kusaga, kwenye pampu ya maji, ziwani kwa wavuvi. Kila watoto kumi na watano wawe na wazazi wawili, mbele na nyuma. Ziwani hakuna mtoto atakayeingia majini, na mzazi asiyetaka, mtoto wake atabaki na mwalimu mwenzangu bila kuadhibiwa. Ndugu Mwenyekiti, barua ya ruhusa kwa mkuu wa makazi nimeiandika, inangoja sahihi ya Kamati. Na yule mzee wa njiani, kama yuko hapa, nimemwandika wa kwanza kwenye orodha ya watakaokaa nyuma. Kalamu iko mezani kwa katibu.